Malipo ya kuchelewa katika taarifa za mikopo (Kenya)

Malipo ya kuchelewa ni kumbukumbu ya mkopo ambao haukulipwa kwa wakati, iliyowasilishwa na mkopeshaji kwa shirika la taarifa za mikopo. Nchini Kenya mashirika hayo hujulikana zaidi kwa kifupi cha CRB, na mtu ambaye jina lake limepelekwa huko kwa deni husemwa "ameorodheshwa". Benki Kuu ya Kenya imeyapa leseni mashirika matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Chimbuko

Kanuni za kwanza zilianza kutumika Februari 2009. Benki zilikuwa zimechoshwa na wadaiwa walioacha deni benki moja na kwenda kukopa nyingine. Kanuni za 2013 zikaruhusu pia taarifa njema kukusanywa, ili anayelipa vizuri naye aonekane.

Mikopo ya simu ndiyo iliyobadilisha mambo. M-Shwari ilianza mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, na watu ambao hawajawahi kuketi mbele ya meneja wa benki wakajikuta wameorodheshwa kwa shilingi mia chache. Waliotafuta kazi waliathirika pia, kwa kuwa waajiri kadhaa hudai cheti cha CRB. Aprili 2020 Benki Kuu iliamua kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisiwasilishwe kama taarifa mbaya.

Muda wa kumbukumbu

Mkopo huhesabiwa kuwa chechefu ukipitisha siku 90 bila kulipwa. Kabla ya kumworodhesha mteja, mkopeshaji anatakiwa kumpa notisi ya siku 30. Taarifa hiyo hudumu miaka mitano, na hesabu huanza siku deni lilipomalizwa, si siku lilipoanza kuchelewa.

Tofauti hiyo ni kubwa. Deni lililochelewa mwanzoni mwa 2018 na kumalizwa Juni mwaka huohuo liliondoka Juni 2023. Deni kama hilo likimalizwa Machi 2022, litabaki hadi Machi 2027. Wengi hukaa kimya wakiamini kwamba deni la zamani litajifia lenyewe, kumbe kila mwaka wa kusubiri huisogeza mbele siku ya kusafishika.

Kurekebisha

Kwanza ni kuisoma ripoti. Kila mteja ana haki ya kupata nakala moja bure kwa mwaka.

Kama deni ni la kweli na halijalipwa, mdaiwa huzungumza na mkopeshaji, hupatana naye kiasi, hulipa, kisha hudai barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha. Mkopeshaji ndiye anayepeleka mabadiliko CRB. Kumbukumbu ya kuchelewa haifutiki papo hapo, lakini sasa husomeka kuwa deni limelipwa, na mkopeshaji mwingine huliona hilo.

Kama taarifa ni ya uongo, njia ni malalamiko. Mteja huandikia CRB na kuambatisha risiti, nayo humuuliza mkopeshaji. Makosa ya kawaida ni deni lililolipwa kuendelea kuonekana, au mkopo uliochukuliwa na mtu mwingine kwa kitambulisho cha mlalamikaji. Haki hii ya kulalamika haihitaji wakala. Anayeahidi kufuta taarifa ya kweli kwa malipo anamwibia mtu ambaye tayari amebanwa.

Nafuu za serikali

Mara kadhaa serikali imeingilia kati. Novemba 2021 uorodheshaji wa mikopo isiyofika shilingi milioni 5 iliyokuwa imeanza kuchelewa karibuni ulisimamishwa hadi Septemba 2022. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasafisha wakopaji wa simu zaidi ya milioni 4: wakopeshaji wasamehe angalau nusu ya deni, na mkopaji alipe salio kufikia 31 Mei 2023.

Mpango huo ulihusu mikopo ya simu ya muda usiozidi siku 30 pekee. Mwenye duka aliyekopa kwa miezi sita hakuguswa.

Wakopeshaji wa programu za simu wasiosimamiwa walizuiwa kupeleka majina CRB mwaka 2020. Baadaye sheria iliwaweka chini ya leseni ya Benki Kuu, na wenye leseni wanaruhusiwa kuwasilisha taarifa. Kwa hiyo ripoti iliyokuwa safi wakati ule inafaa kusomwa upya kabla ya kuomba mkopo au kazi.