Lugha ya Mgonjwa na Lugha ya Daktari: Historia ya Maneno ya Maradhi katika Mji wa Kale wa Mombasa

I. Utangulizi

Vitabu vya kufundishia Kiingereza huyaweka mazungumzo ya mgonjwa na daktari miongoni mwa masomo ya mwanzo. Mgonjwa huingia, huulizwa ana nini, hujibu kwamba kichwa chamuuma au ana homa, hupewa dawa, hushukuru na kutoka. Katika somo la namna hiyo kila jina la maradhi lina mwenziwe katika lugha ya pili, na kazi ya mwanafunzi ni kuunganisha orodha mbili za maneno. Makala haya yana nia ya kuichunguza dhana hiyo kwa kufuata historia ya mahali pamoja, yaani Mombasa, tangu zama za Ngome ya Yesu hadi leo. Hoja yetu ni kwamba maneno ya Kiswahili ya maradhi na yale ya Kiingereza yaliwahi kukaribiana sana kimaana, kwa kuwa tiba za pande zote mbili zilitokana na shina moja. Baadaye maneno ya Kiingereza ya kitabibu yalibadilika kwa haraka pamoja na sayansi, lakini kamusi zetu zikabaki na milinganyo ya zamani. Pengo lililopo leo baina ya mgonjwa na daktari kwa hiyo ni pengo la wakati zaidi kuliko pengo la mataifa.

II. Kabla ya Kiingereza

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaishika, ila kwa vipindi vichache, hadi Desemba 1698 ilipotekwa na Waomani baada ya mazingiwa yaliyoanza Machi 1696. Katika miezi hiyo Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao walikaa pamoja ndani ya kuta zile zile, na maradhi yakawaua wengi wao. Mtu angetarajia kwamba ushirika wa mateso kama huo ungeacha alama katika lugha. Wareno walituachia meza, bendera, leso, mvinyo na karata. Walituachia pia neno gereza, ambalo asili yake ni jina la Kireno la kanisa. Mara nyingi neno hili huhusishwa na Ngome yenyewe, iliyokuwa na kanisa ndani yake na ambayo baadaye, kuanzia 1895 hadi 1958, ilitumiwa na Waingereza kama jela kabla ya kufanywa makumbusho. Lakini katika maneno hayo mashuhuri ya Kireno hakuna hata moja linalotaja maradhi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mahali hapo katika lugha palikuwa pamekwisha kujaa. Waswahili walikuwa na maneno yao ya Kibantu yaliyoundwa kutokana na vitendo vya mwili wenyewe, kama vile kikohozi kutokana na kukohoa, na kichomi kutokana na kuchoma. Juu ya hayo walikuwa wamepokea kutoka Kiarabu maneno ya elimu ya tiba: homa, safura, balghamu, baridi yabisi, tabibu na dawa. Maneno haya hayakuja moja moja kama bidhaa za dukani. Yalikuja na nadharia nzima. Safura kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano, na balghamu ni kohozi. Hizi ni mbili kati ya rutuba nne za mwili ambazo waganga wa Kiyunani, na Galen zaidi ya wote, walizifanya msingi wa afya na ugonjwa, na ambazo Ibn Sina alizieleza kwa mapana kabla ya kufa kwake mwaka 1037. Baridi yabisi nalo si jina la ugonjwa kwa asili, bali ni sifa mbili kati ya sifa nne za nadharia hiyo: baridi, joto, ukavu na unyevu.

Nadharia hiyo haikufa pwani. Marc Swartz, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti wake katika Mji wa Kale tangu miaka ya 1970 na kutoa kitabu chake mwaka 1991, aliwakuta wenyeji wakieleza afya kuwa ni mizani ya sifa hizo, na vyakula vikigawanywa kwa kadiri vinavyotia mwili joto au baridi.

III. Wamisionari na Milinganyo

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kiingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mnamo Julai mwaka huo huo mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyo hiyo. Hapana budi kulikumbuka jambo hili tunapoifungua kamusi yake ya Kiswahili, ambayo msingi wake ni Kimvita na ambayo ilichapwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Mwandishi wake alikuwa mgonjwa kabla ya kuwa mwanakamusi.

Sasa tuulize: Krapf alipolinganisha homa na “fever”, alikosea? Jibu ni kwamba hakukosea. Katika mwaka 1844 neno la Kiingereza nalo lilikuwa jina la ugonjwa wenyewe, tena jina pana lililokusanya magonjwa mengi. Hakuna aliyejua kijidudu cha malaria hadi Laveran alipokiona nchini Algeria mwaka 1880, wala hakuna aliyethibitisha namna mbu anavyokibeba hadi kazi ya Ross kule India mwaka 1897. Baada ya hapo neno la Kiingereza lilipungua maana katika kinywa cha daktari, likawa dalili tu ya ugonjwa mwingine, yaani joto la mwili linalopimwa kwa kipimajoto. Homa haikupungua. Imeendelea kuwa dalili na ugonjwa kwa pamoja. Ndiyo maana twasema homa ya matumbo, homa ya manjano na homa ya mapafu, na ndiyo maana mtu asiye na joto lolote mwilini aweza kusema kwa haki kabisa kwamba ana homa, akimaanisha kuwa malaria imemshika.

Waliokuja baada ya Krapf waliipokea milinganyo hiyo bila kuipima upya. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiunguja mwaka 1870. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita, ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kamusi hizo ni hazina kubwa, lakini zilikusudiwa kumsaidia mgeni aelewe na aamuru. Hazikukusudiwa kumsaidia mwenyeji aeleweke.

IV. Chumbani mwa Daktari

Chini ya utawala wa Kiingereza, mtu aliyesimama kati ya mgonjwa na daktari alikuwa mara nyingi ni dresa. Alifunga vidonda, na pia alitafsiri. Baada ya uhuru daktari alikuwa Mwafrika, lakini elimu yake, iwe ya Makerere au ya Nairobi, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1967, ilikuwa ya Kiingereza. Hivyo kazi ya dresa iliingia kichwani mwa daktari mwenyewe: husikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo haina shahidi, na kosa lake halionekani katika faili.

Tuchukue mifano michache. Mzee wa Mji wa Kale asemapo kwamba mshipa wampanda, daktari aliyejifunza kamusi hufikiri juu ya mshipa wa damu. Lakini neno hilo hukusanya mishipa ya damu, neva na kano, na tena ni jina la maradhi ya ngiri na ya kuvimba sehemu za siri. Mama asemapo, “Moyo wanichafuka,” haulalamikii moyo unaopiga kifuani. Ana kichefuchefu. Na katika Kiswahili cha zamani mtu aliyesema “Siwezi” bila kutaja kitendo chochote alikuwa amekwisha kusema kwamba ni mgonjwa.

Mfano wa presha una hatari zaidi, kwa sababu neno lenyewe lafanana na la Kiingereza na kila upande hudhani umeelewa. Katika Kiswahili presha hupanda na hushuka, kama maji ya bahari. Kitu kinachopanda na kushuka ni tukio, si hali ya kudumu. Mgonjwa aambiwaye kwamba presha yake imeshuka ana sababu nzuri ya kisarufi ya kuacha dawa, ilhali daktari alitaka kumwambia kwamba dawa zinafanya kazi na aendelee kuzinywa. Hapo kitenzi kimoja chaweza kumpooza mtu.

Iko pia safari ya upande wa pili. Wataalamu wengi wa asili ya maneno huona kwamba jina la ugonjwa wa dengue limetokana na Kiswahili, kidinga pepo, lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi na kugeuzwa na wasemaji wa Kihispania, ingawa wako wanaolipinga wazo hilo. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alilirekodi jina hilo la Kiswahili katika karne ya 19. Mlipuko wa ugonjwa huo ulipotokea Mombasa mwaka 2013, jina lilirudi pwani kwa sura ya kigeni, na kidingapopo likabaki kuwa neno la kuelezewa ndani ya kamusi.

V. Vitenzi vya Maumivu

Pengo hili haliwahusu Waswahili peke yao. Mwaka 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alichapisha orodha ya maneno 78 ya maumivu yaliyopangwa katika mafungu 20, ili wagonjwa wanaosema Kiingereza waweze kuwaeleza madaktari wanaosema Kiingereza hicho hicho namna wanavyoumia. Ikiwa hao wenye lugha moja walihitaji daraja, sisi tutalikosaje?

Tofauti ya kusisitizwa ni ya kisarufi. Kiingereza hutaja maumivu kwa jina kisha hulipamba kwa vivumishi. Kiswahili hutumia kitenzi, na kiungo cha mwili ndicho mtendaji. Kichwa, au kitwa kwa Kimvita, huwanga au hugonga. Tumbo husokota, hunyonga au hukeketa. Jipu hupwita. Kifua huchoma. Mguu huvuta. Kila kitenzi hueleza namna ya maumivu na mwendo wake, mambo ambayo daktari huyahitaji katika kuutambua ugonjwa. Yote hayo yakitafsiriwa kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kuuma, mgonjwa huwa amenyang’anywa nusu ya ushahidi wake.

VI. Hitimisho

Kazi ya kuunda istilahi imefanywa kwa bidii, hasa Tanzania, na wanafunzi wa tiba wana vitabu vya kurejelea. Lakini istilahi humpa daktari neno la kusema, wala haimpi sikio. Shinikizo la damu ni istilahi safi, ila mgonjwa atakayeingia kesho asubuhi atasema presha. Kinachotakiwa ni kamusi inayoanzia kwa mgonjwa, ikieleza kila neno kwa mipaka yake yenyewe, ikitaja lahaja yake, na ikionyesha maswali ambayo daktari apaswa kuuliza baada ya kulisikia. Mombasa, ambako Kimvita kingali hai midomoni mwa wazee, ni mahali pazuri pa kuanzia, na kazi hiyo haina muda mrefu wa kungoja.

Sheria nayo imekwisha kutangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kuelewa huko hakutimizwi kwa kubadilisha neno moja kwa jingine. Mgonjwa aliyetia sahihi kukubali kupasuliwa mshipa, wakati kila upande una mshipa wake akilini, hakuelezwa kitu. Kuziba pengo hilo si kazi ya madaktari peke yao. Ni kazi yetu sisi tunaofundisha lugha, maana milinganyo iliyolizaa imo ndani ya kamusi tunazowapa wanafunzi wetu.