Vifaa nafuu vya kusomea kwa wasioona: Uzito, bei na unyevu wa Uluguru

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MWANAFUNZI asiyeona anayerejea likizo Kinole au Nyandira, katika Milima ya Uluguru, hukabiliwa na tatizo ambalo wenzake hawalijui: vitabu vyake havibebeki. Kitabu kimoja cha kiada kikipigwa kwa nukta nundu hugeuka majuzuu kadhaa manene, na mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ina uzito unaokaribia kilo tano.

Jibu la kielektroniki limekuwapo kwa miaka mingi, ila kwa bei ya kukatisha tamaa. Kifaa cha aina hiyo huinua vijipini chini ya vidole vya msomaji. Katika mfumo uliozoeleka, kila kijipini husukumwa na kipande chembamba kinachojipinda kikipitishiwa umeme. Herufi moja huhitaji vipande vinane; mstari wa herufi 20, vipande 160. Hapo ndipo gharama ilipo, wala si kwenye kompyuta iliyomo ndani.

Orbit Reader 20, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 2010, ilibadili utaratibu huo na kushusha bei hadi dola 500 hivi za Marekani, wakati vifaa vya awali viliuzwa kwa maelfu ya dola. Ina uzito wa chini ya nusu kilo na husoma kadi ya kumbukumbu. Mstari wake hubadilika polepole na kwa kelele, kasoro ambayo kwa bei hiyo inavumilika. Taasisi ya Kilimanjaro Blind Trust, yenye makao yake Nairobi, imekuwa ikivisambaza vifaa hivyo kwa wanafunzi.

Nafuu zaidi ni sauti. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na Kiswahili, kwa kuwa huandikwa kinavyotamkwa, hakiisumbui mashine kama Kiingereza. Lakini sauti haimfundishi mtoto tahajia, na kwa asiyeona ambaye pia ni kiziwi haifai kitu.

Mbunifu anayeifikiria Uluguru hana budi kuanza na unyevu. Miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi, na vitundu vya vijipini hupitisha vumbi na jasho la vidole. Kifaa kisichoweza kufunguliwa na fundi wa Morogoro mjini, hata kiuzwe kwa bei gani, si nafuu.

Kuhusu vitabu vyenyewe, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, unaruhusu kunakili kwa ajili ya wasioona bila kibali cha mwenye hakimiliki. Hata hivyo, picha ya ukurasa haisomeki kwa nukta nundu. Lazima maandishi yapigwe au yasahihishwe kwanza, na kazi hiyo huhitaji mtu.