Perovskaiti: sola ya bei nafuu na mtihani wa unyevu

Perovskaiti ni jamii ya fuwele, na baadhi yake hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walipata asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga. Leo seli za maabara zimepita asilimia 25. Silikoni huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 1,400, ilhali perovskaiti huyeyushwa kwenye kimiminika na kupakwa kiooni kama rangi. Hapo ndipo unafuu ulipo. Lakini unyevu na joto huiharibu, na aina nyingi zina risasi, ambayo ni sumu.

Paneli nyingi za silikoni huwa na dhamana ya utendaji ya miaka 25 au zaidi. Kwa hali yetu ya Pwani, naona tuulize kudumu kabla ya bei. Rahisi ghali.