Profesa Reiss na Jina la Taaluma Yake

Watafsiri wanaotuletea maswali juu ya istilahi za mahakamani hutuuliza mara kwa mara: taaluma ya kuchunguza damu, alama za vidole, risasi na hati za kughushi kwa njia za sayansi iitweje? Wapo waandikao "sayansi ya jinai", wengine "sayansi ya polisi", wengine "sayansi ya mahakama". Kabla ya kuchagua yafaa tumtazame Rodolphe Archibald Reiss, ambaye mashaka ya jina hili yalimkuta pia.

Reiss alizaliwa Baden, Ujerumani, mwaka 1875, akaenda Uswisi kusoma kemia katika Chuo Kikuu cha Lausanne, na akapata shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka 22. Upigaji picha ndio uliomfikisha kwenye mambo ya jinai. Mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya picha zitumikazo mahakamani, na mwaka 1909 akaanzisha hapo Lausanne chuo kinachohesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuifundisha taaluma hii katika chuo kikuu. Jina alilokipa kwa Kifaransa, likifasiriwa neno kwa neno, ni "Chuo cha Polisi ya Kisayansi".

Kumbe kazi yake mwenyewe ililipita jina hilo. Mwaka 1914 serikali ya Serbia ilimwalika achunguze maovu waliyotendewa raia na majeshi ya Austria na Hungaria. Aliwahoji majeruhi na mateka, akafukua makaburi, akapima risasi za kulipuka. Njia zilikuwa zile zile alizowafundisha wanafunzi wake, lakini watuhumiwa safari hii walikuwa askari wa dola, wala hapakuwa na polisi wa kuwakamata.  Reiss alihamia Serbia, akafia Belgrade mwaka 1929.

Kwa hiyo "sayansi ya polisi" twaikataa. Inamfanya mtaalamu kuwa mtumishi wa upande mmoja wa kesi, na mshtakiwa ana haki ya kuutilia shaka ushahidi wa namna hiyo. Nchini Tanzania Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ripoti zake husomwa mahakamani, hayuko chini ya Jeshi la Polisi. "Jinai" nayo ni finyu, kwani wasia wa kughushi au shauri la kumtafuta baba wa mtoto laweza kuwa kesi ya madai. Wazungu wamelitoa neno lao katika Kilatini, kwenye jina la uwanja wa soko na hukumu, yaani baraza hasa; lakini tukiandika "sayansi ya baraza" tutachekwa.

Sisi tunapendelea "sayansi ya vielelezo". Kielelezo ni neno ambalo makarani wa mahakama wanalo tayari kwa kitu kinachotolewa kuthibitisha jambo, liwe panga, barua au nguo yenye damu, na halisemi kitu hicho ni mali ya nani. Walimu watatukumbusha kwamba darasani kielelezo ni mchoro au mfano. Pingamizi hilo lina uzito, nasi tungependa kusikia wanalo neno gani badala yake.