Kimo, Mwinuko na Ngazi

Tarehe 3 Septemba, 1974, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kutua Nairobi. Mwongozaji aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakaelewa futi 5,000. Kiwanja chenyewe kiko futi 5,300 na ushei juu ya usawa wa bahari! Ndege ilifika kama futi 70 tu kutoka ardhini, ndipo ikapandishwa. Hakufa mtu.

Kosa hilo huhesabiwa kuwa la masikio. Sisi twaona lina funzo la istilahi pia, kwani tarakimu isiyotaja imeanzia wapi haimshtui anayeipokea. Mkazi wa Mhezi, huko Upareni, akiutazama Shengena huupima kwa macho kuanzia alipo yeye. Ramani huuandika karibu meta 2,460, kuanzia baharini. Wote wawili wasema kweli, na wote husema “urefu”.

Kwa hiyo twapendekeza “kimo” kiwe umbali kutoka ardhini, na “mwinuko” uwe umbali kutoka usawa wa bahari.

Liko la tatu, nalo ndilo gumu. Ndege inayoondoka, ipitapo mwinuko uliowekwa, rubani hubadili altimita yake isome kwa kanieneo ya milibari 1,013. Akisahau, atapita au hatafikia mahali alipoamriwa. Kipimo hicho si kimo wala mwinuko. Twakiita “ngazi”, hadi lipatikane neno bora.