Maji Meusi na Maneno ya Ukutani: Namna ya Kuwakumbuka Wafungwa Waliovushwa Bahari

Mwaka 1896 kazi mbili kubwa zilianza katika kingo mbili za Bahari ya Hindi. Mjini Mombasa, vibarua wa mkataba, wengi wao kutoka Punjab, walianza kutandika reli ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Huko Port Blair, katika visiwa vya Andaman, wafungwa wa Kihindi walianza kujenga gereza la kufungiwa watu wao wenyewe. Habari za reli twazijua, kwani wazee wetu walizisimulia barazani. Habari za gereza lile ni wachache kati yetu wanaozijua. Hata hivyo bahari ni moja, na dola iliyoamuru kazi zote mbili ilikuwa moja.

Vibarua wa reli hawakuwa wafungwa, wala haifai kuwachanganya. Lakini kabla yao, Waingereza walikuwa wamekwisha kuwavusha bahari Wahindi kwa minyororo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kampuni ya East India iliwapeleka wafungwa Bengkulu tangu 1787, kisha Penang, kisha Mauritius kuanzia 1815, na Singapore kuanzia 1825 hadi 1873. Baada ya maasi makubwa ya 1857, Port Blair ilifunguliwa mwezi Machi 1858, na makumi ya maelfu ya watu wakapelekwa huko. Walifyeka misitu, wakachimba barabara, wakajenga madaraja, bandari na majumba ya serikali. Adhabu hiyo iliitwa kala pani, yaani maji meusi. Mhindu aliyevuka bahari aliogopa kupoteza tabaka lake na kukataliwa na jamaa zake. Watawala waliijua hofu hiyo, wakaifanya kuwa sehemu ya adhabu.

Gereza lile la Andaman lilikamilika mwaka 1906, likiwa na mabawa saba na karibu vyumba 700, kila chumba cha mtu mmoja. Leo yamebaki mabawa matatu, na tangu 1979 mahali hapo ni kumbukumbu ya taifa la India. Mgeni huonyeshwa kinu cha kukamulia mafuta, mahali pa kunyongea watu, na majina ya wapigania uhuru. Heshima hiyo wanastahili, kwani waliteswa na wengine wakafa kwa kugoma kula. Ila wafungwa wa kisiasa wa gereza lile walikuwa mamia tu. Wale makumi ya maelfu wengine, wakulima, wafumaji, askari walioasi, na wanawake ambao baadhi yao waliolewa hukohuko na kuzaa kizazi cha wenyeji wapya, mara nyingi hupita bila jina.

Kwa nini? Kwa sababu bado twawasoma kwa maandishi ya aliyewafunga. Katika Bengal, hadi mwaka 1849, mfungwa wa maisha alichanjwa kosa lake kwenye paji la uso. Huko Andaman alivishwa shingoni kibao cha mti chenye namba yake, kifungu cha sheria alichohukumiwa nacho, na tarehe ya hukumu. Maneno ya makumbusho yanayomtaja mtu kuwa "mwizi" au "jambazi" pasipo kueleza nani alimhukumu, kwa sheria gani, na alipewa nafasi gani ya kujitetea, yanarudia kazi ya kibao kile.

Sifa nazo zaweza kuficha. Huko Singapore watu huonyeshwa Kanisa la St Andrew's, lililokamilika 1861, na kuelezwa kwamba lilijengwa na mafundi wafungwa wa Kihindi. Ni kweli. Lakini mengi tuyasomayo juu ya mafundi hao yanatoka katika kitabu cha 1899 cha J. F. A. McNair, aliyekuwa msimamizi wao. Msimamizi huandika juu ya nidhamu na ustadi. Hawezi kutuandikia mama aliyebaki kijijini akimngojea mwanawe.

Tena kuna wenye nchi. Wafungwa hawakupelekwa kwenye visiwa vitupu. Waandamani Wakuu, waliokuwa maelfu mwaka 1858, walipungua kwa vita na maradhi yaliyoletwa na wageni hata wakawa chini ya 100 ifikapo 1931. Mfungwa alidhulumiwa, na kwa mikono yake wengine wakadhulumiwa pia. Mwaka 2024 serikali ya India iliupa mji wa Port Blair jina la Sri Vijaya Puram. Kubadili jina ni hatua, lakini ukoloni hauondoki makumbushoni kwa kubadili bendera na jina ikiwa wenye nchi bado hawasemi.

Mtu atauliza: je, tumfanye kila mfungwa kuwa shujaa? La. Wapo walioua, na waliouawa nao walikuwa na watoto. Kinachotakiwa ni ukweli wenye pande zote: hati imetoka kwa nani, nani hakuulizwa, na wajukuu wasemaje leo.

Jambo hili si la mbali. Fort Jesus, ambayo watoto wetu huitembelea kwa safari za shule, ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958. Tukisimama pale tukitazama mizinga ya Wareno, tuwaulize pia waongozaji habari za waliofungwa ndani ya kuta zile, Waafrika, Waarabu na Wahindi.

Na tujiulize wenyewe pia. Vitabu vya ukumbusho kama hiki huhifadhi majina ya wafadhili na wenyeviti, na ni haki yao. Lakini nani alichonga milango ya mandir? Nani alibeba mawe na kukoroga chokaa, na jirani yupi wa dini nyingine alitoa maji ya kunywa siku za ujenzi? Wazee wanaokumbuka wangali nasi, ingawa kila mwaka wanapungua. Tuwasikilize na kuyaandika majina hayo kabla ya maadhimisho yajayo, ili wajukuu wetu wasije wakatujua kwa risiti peke yake.