Uwajibikaji wa Kampuni kwa Jamii: Mfanyakazi Yumo?

Kwenye taarifa za habari, uwajibikaji wa kampuni kwa jamii huonekana zaidi kwa picha ya aina moja: meneja na mkuu wa wilaya wameshika hundi ya mfano, na nyuma yao madawati yamepangwa safu. Msaada huo una thamani yake. Lakini istilahi yenyewe ni pana kuliko picha hiyo, na anayetaka kujua kama wema wa kiwanda unawafanya wafanyakazi wake waipende kazi yao hana budi kuuelewa upana huo kwanza.

Dhana hii ilipata msingi wa kitaaluma mwaka 1953, pale mchumi wa Marekani, Howard Bowen, alipochapisha kitabu kuhusu majukumu ya wafanyabiashara kwa jamii. Mwaka 1991 msomi wa usimamizi, Archie Carroll, aliipanga katika piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa ni wajibu wa kiuchumi, yaani kampuni izalishe na ipate faida. Juu yake kuna wajibu wa kisheria, kisha wa kimaadili, na kileleni ndipo ilipo hisani. Yale madawati ni ya kileleni.

Kiswahili kina tafsiri kadhaa za dhana hii. "Huduma kwa jamii" huchanganyika na kazi za serikali kama zahanati, maji na shule. "Kurudisha kwa jamii", iliyozoeleka sana katika hotuba, husimulia hisani peke yake: faida imeshapatikana, sasa sehemu yake inarudi kwa wananchi. "Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii" ndiyo inayobeba dhana nzima, kwa kuwa imejengwa juu ya wajibu. Hisani haidaiwi, lakini asiyetimiza wajibu huulizwa. Na kwa kuwa jamii ni watu wote wanaoguswa na kiwanda, aliyesimama mbele ya mashine kwa zamu nzima hawezi kuachwa nje.

Istilahi ya pili ni kuridhika na kazi. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Edwin Locke aliieleza kuwa ni hali njema ya moyo inayompata mtu anapoipima kazi yake na kuiona inampa anayoyathamini. Hapa tahadhari inahitajika, maana katika mazungumzo yetu kuridhika pengine ni kukubali yaishe. Kibarua anayenyamaza kwa sababu getini kuna kundi la watu wanaosubiri nafasi yake hajaridhika, amevumilia tu. Mtafiti akimwandika huyo kuwa ameridhika, matokeo yake yote yamepotoka.

Mambo haya mawili hukutana kwa njia mbili. Ya kwanza ni fahari: majirani wakikisifu kiwanda kwa kisima kilichochimbwa, sifa humfikia pia anayefanya kazi humo. Ya pili ni imani katika haki: mfanyakazi huangalia jinsi kampuni inavyowatendea wanyonge, akapata picha ya jinsi itakavyomtendea yeye siku akipata shida. Njia zote mbili huziba pale mambo ya ndani yanapopingana na yale ya nje.

Chukua kiwanda cha kusokota nyuzi. Pamba inapofunguliwa na kuchanwa hutoa vumbi laini, na kulivuta vumbi hilo kwa miaka huleta ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi. Dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha kupata nafuu kadiri wiki inavyosonga. Kwa mtu wa idara hiyo, uwajibikaji ni feni ya kufyonza vumbi isiyozimwa ili kubana matumizi ya umeme, barakoa inayozuia vumbi kweli, na kupimwa mapafu kabla hajaanza kukohoa. Kampuni ikijenga zahanati kijijini huku yeye kifua kinambana kila Jumatatu, zahanati ile humtia uchungu. Ameshajua kwamba fedha zipo.

Hata hivyo, vifaa kinga peke yake havitoshi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walionyesha kuwa kurekebisha mazingira mabaya huondoa manung'uniko, lakini kinachomridhisha mtu ni kutambuliwa na kuona matunda ya kazi yake. Tanzania ina ushahidi wake. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliushika, wakawagomea mameneja, na malalamiko mengi yalihusu kutukanwa na kudharauliwa. Waliona heshima ni haki yao, na walikuwa sahihi.

India imeuweka uwajibikaji wa kampuni katika sheria. Sheria yake ya Makampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa kutenga angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa ajili ya jamii, na kanuni zake zinakataa kuhesabu miradi inayowanufaisha wafanyakazi pekee. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 26000 wa mwaka 2010, kwa upande wake, unayataja masuala ya kazi miongoni mwa maeneo makuu saba ya uwajibikaji. Ukizitazama haraka utasema zinapingana. Kumbe zote mbili zinazuia kosa lile lile, la kumpa mfanyakazi haki yake na kuiita msaada.

Kwa hiyo anayeandika ripoti ya uwajibikaji wa kiwanda na aanze na mikataba ya vibarua, malipo ya saa za ziada, ajali zilizotokea na hatua zilizochukuliwa. Madawati yafuate baada ya hapo, na wafanyakazi washirikishwe kuchagua shule ya kuyapeleka.